Mzambarau Uliokaa Eda

Bofu, Likoni

Baba Zuhura,

Nakuamkia huko uliko. Najua maiti haandikiwi barua. Dada yako ameniambia hivyo asubuhi hii aliponikuta na kalamu mkononi, akaongeza kwamba mjane mwenye akili zake humsomea marehemu Yasini, hakai kumwandikia umbea. Nikamjibu kwamba Yasini nimekusomea kila Alhamisi ya Mungu na nitaendelea kukusomea, ila haya ya barabara sharti nikueleze kwa mkono wangu, maana wewe ndiye uliyenitia katika mambo ya miti, kisha ukaenda zako ukaniachia. Akaondoka akisonya. Basi tumebaki wawili.

Walikuja kuukata mzambarau. Huu wetu, wa ubavuni mwa nyumba, usio na adabu, unaomwaga zambarau juu ya kanzu zako nikizianika na kunifanya nizifue upya. Wajua mimi na mti huu hatukuwa na usuhuba tangu siku uliponileta hapa bi arusi. Popo wala juu, mimi nafagia chini. Ulikuwa ukiniambia, "Lakini kivuli chake, mke wangu," nami nikikuambia kivuli hakinifulii nguo. Sasa sikiliza yaliyonifika kwa ajili yake.

Nitaanza mbali kidogo, kwa kuwa sijui huko mliko kumbukumbu hukaa namna gani. Wewe ulikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Kutoka feri mpaka huku kwetu, kila mwenye duka aliyetaka jina lake lisomeke alikuja kwako. Wakati ule ulipokatwa mkwaju wa njia panda, ulirudi nyumbani umenuna. Ulisema watu walikizunguka kisiki kama wanaozunguka jeneza, na kila mtu ana lake: huyu ndipo alipomposa mkewe, yule ndipo mamake alipouzia vitumbua akamlea. Na mti wenyewe haukuwa na jina popote. Ulipokwisha kula na kunawa ukasema, "Duka lililofunguliwa juzi lina kibao. Mti uliotulea hauna." Kesho yake ukachukua debe tupu la mafuta ya taa, ukalikata kwa mkasi wa bati, ukalipaka rangi nyeupe. Mimi nilidhani umepata mteja.

Masharti yako nayajua kwa moyo, maana uliyahubiri barazani mpaka mbuzi wa jirani wakayajua. Hukuandika mti kwa ukubwa wake wala kwa uzee wake. Uliandika mti uliopendwa. Mtu aje mwenyewe, mbele ya wawili watatu, aseme kwa kinywa chake, "Mimi naupenda mti fulani, kwa sababu hii na hii." Hapo ndipo ulipochovya brashi. Na kibao hakipigiliwi. "Mti ni kiumbe, haupigwi msumari." Kibao hufungwa kwa kamba ya usumba wa nazi, na kila mwaka baada ya mvua za masika wenye mti hukutana kuilegeza kamba, kwa sababu mti umenenepa. Siku hiyo ya kulegeza ndiyo ikawa sikukuu ya mti. Kahawa, halwa, wanawake na vugo lao la pembe, mmoja anasimama anaeleza mti huu ulimfanyia nini. Hakuna aliyelipwa hata ndururu. Watu walikuja kwa kupenda.

Wakaja hata nisiowatarajia. Mutiso alikuja, yule Mkamba wa kazi ya bandarini akaaye Magongo, kule Changamwe. Alisimama barazani kofia mkononi akasema kuna mwarobaini karibu na nyumba zao, kinyozi hukaa chini yake, na kila kijana anayefika kutoka bara bila kujua mtu huelekezwa pale kwanza, aulizie watu wa kwao. Yeye mwenyewe alifika hapo na kifurushi kimoja akapata ndugu kabla nywele hazijakwisha kunyolewa. Ukamwandikia: MWAROBAINI WA MAGONGO. MGENI HUPATA NDUGU HAPA. Tangu siku hiyo Mutiso akawa mkono wako wa kulia. Jumapili akitoka kanisani, badala ya kupumzika, mwapanda baiskeli kutafuta miti.

Na Bi Mwanajuma wa Mishomoroni, kule Kisauni, wallahi, nikimkumbuka nacheka hata na msiba wangu. Watu wa baraza la mji walikuwa na desturi ya kutia alama ya rangi mti wanaotaka kuukata, nanyi mkaenda Kisauni na makopo ya rangi mkononi. Mngepokewaje? Bi Mwanajuma alipowaona kwa mbali aliufunika mkwaju wake kwa leso mbili, akaketi mbele yake na tasbihi. Ukamsalimu, ukamuuliza kwa adabu habari za mti. "Mti gani? Hapa hapana mti." Na matawi yamekufunika kichwani! Ulirudi ukanihadithia huku machozi ya kicheko yakikutoka. Mlirudi huko mara tatu ndipo alipowaamini, na alipowaamini hakukubali mwandike mpaka mle kwake kwanza.

Si wote waliofurahi. Maalim wa msikiti wetu alikuita akakusomea. Mwafanya arusi ya mti, akasema, mwapiga vugo, kesho mtaupelekea ubani na mayai. Ukamjibu kwa heshima kwamba hakuna aombaye mti kitu, mwamshukuru aliyeuumba. Naye akasema, "Basi mshukuruni kimya kimya." Hamkunyamaza. Wala yeye hakukoma.

Kwa hivyo, mume wangu, kulikuwa na miti iliyoandikwa Likoni, Changamwe na Kisauni, na mti mmoja mbele ya pua ya mwandishi usioandikwa. Huu. Kwa sababu wewe ulisema mwenye mti huu ni mimi, na mimi nilisema siupendi. Ulikuwa ukiniuliza kila baada ya masika, "Haya, Mama Zuhura, mwaka huu je?" nami nakujibu, "Aka! Niupende kwa lipi?" Wewe wacheka, waenda kuandika miti ya wenzio. Sitaki mtu aniambie leo kwamba nilikosea. Nilisema kweli yangu, na wewe uliipenda kweli yangu kuliko uongo wa kunifurahisha.

Kisha homa. Sitaiandika. Ulikuwapo.

Siku ya maziko walikuja watu wa miti kutoka kila upande, wakajaa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia mkiondoka, nikasikia tahalili ikienda mbali, ikienda mbali, na sikuweza kukufuata. Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna hina, hakuna asumini, hakuna kutoka. Dada yako alinichunga kama askari wa gereza, Mungu amlipe, kwa kuwa kwa kweli nilihitaji mtu wa kunikumbusha kula.

Sikuwa nimefika mbali katika eda yangu ndipo vigingi vya kupimia barabara vilipofika. Wajua jinsi mji ulivyo sasa. Watu wagombana mchana kutwa, huyu ataka Mwambao wake peke yake, yule Kenya moja, bendera ipi itapanda na ipi itashuka. Lakini katika jambo moja wote ni kitu kimoja: Uhuru waja, na wakubwa wakija kusherehekea wapite njia nzuri. Njia yetu ipanuliwe, itiwe lami. Mzungu aliyekuwa akishughulika na barabara amefunga virago, na kitini pake amekaa kijana wetu, soksi nyeupe mpaka magotini, kalamu mbili mfukoni. Jina analo, sisi twamwita Bwana Barabara. Alisimama barazani, nami nyuma ya pazia la mlango, akanipa pole vizuri sana. Amelelewa, siwezi kumnyima hilo. Kisha akasema mzambarau uko ndani ya njia, utakatwa.

Nikamwambia kwa nyuma ya pazia kwamba mume wangu alielewana na yule mzungu. Miti yenye vibao isiguswe. Akasema yeye alijua habari hiyo, naye aliiheshimu, mwarobaini wa Magongo ameukwepa na miti mingine pia. "Lakini mama, huu hauna kibao. Nimeuzunguka. Hauna." Nikasikia Zuhura akipumua nyuma yangu. Yule kijana akaongeza, "Hii ni barabara ya Uhuru, mama," kama mtu amwambiaye mtoto kwamba dawa ni chungu lakini ni dawa.

Uhuru gani, Baba Zuhura, unaoanza kwa kuwaondolea watu kivuli? Mtu ameteswa na jua la wengine miaka yote hii, siku ya kupumzika yafika, aambiwa, subiri tuukate mti kwanza. Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau kulia, na tangu ulipofariki haikuwa imenitokea kusahau kulia.

Alipoondoka nikamwambia Zuhura aniletee makopo yako. Hapo vita vikaanza ndani ya nyumba. Dada yako akasema mwanamke wa eda hatii rangi mkononi. Shoga yangu Mwanaidi, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasema rangi ya mafuta si hina, na harufu ile haijamvutia mwanamume yeyote tangu dunia kuumbwa. Wakabishana hapo, nami huku naandika. Mkono wangu si mkono wako. Herufi zimelewa. Lakini sikusema uongo hata neno moja: MZAMBARAU WA MAMA ZUHURA. WACHAFUA NGUO. HAUKATWI NG'O.

Zuhura akakifunga mtini kwa kamba ya usumba kama ulivyomfundisha. Bwana Barabara akaja, akasoma, akacheka kwa sauti, tena nilipenda alivyocheka, kisha akagusa kwa kidole na kidole kikatoka cheupe. "Mama, rangi haijakauka. Kibao hiki kimekuja baada ya kigingi." Akasema wakataji watakuja Alhamisi.

Sasa nisikilize hapa. Nilikaa kitandani nikijiuliza, mimi nina nini? Mume sina. Kutoka siwezi. Kusimama mbele ya wanaume na kusema nao siwezi. Nina eda tu. Na ndipo nilipoinuka. Kwani eda ni kitu kidogo? Umewahi kuona mwanamume wa pwani, awe mlevi, awe mwizi, akiingia ua wa mwanamke aliye edani bila ruhusa? Hata muuza samaki hupiga hodi kwa mbali akageuza uso. Nikamwita Mwanaidi, nikamwambia, "Shoga, ua wetu wa nyuma waishia wapi?" Akasema, kwenye kona ya jiko. Nikamwambia, "Nataka uishie nje ya mzambarau." Alinitazama, akaelewa, akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo akakumbuka ni nyumba ya matanga.

Kabla sijaugusa mti nikamtuma kaka yangu kwa Maalim, na swali moja tu, halikutaja barabara wala mzambarau. Je, ua uliozungushwa makuti na kushikana na nyumba ni katika nyumba ya eda, au si katika nyumba? Sikutaka hila mbele ya Mungu. Kama angesema si katika nyumba, ningekaa chumbani nikasikiliza mashoka. Maalim akajibu papo hapo: ua ni katika nyumba, mjane akae ndani yake apate hewa, na asiingiliwe.

Jumatano wanawake wa Bofu walisuka makuti tangu alfajiri. Waliosuka kwa upendo wako, waliosuka kwa upendo wa mti, na wawili waliosuka kwa sababu hawampendi Bwana Barabara, wote tukawapokea. Mutiso akaja na wenzake wa bandarini na boriti mabegani, wakachimba na kusimamisha, nami nimejifungia chumbani. Nilimsikia akisema na dada yako, kwa Kiswahili chake kile, "Dada, mwambie Mama Zuhura hii ua hata ndovu hataangusha." Walipokwisha walitoka kwa upande wa nje, wanawake wakafunga kuti la mwisho. Jua halijapita utosini na mzambarau ulikuwa umekaa eda pamoja nami.

Alhamisi lori likaja. Nyapara wao ni Hamisi, mtu wa makamo, mfupi, sauti kubwa. Nilikuwa nimeketi mkekani chini ya mti, mgongo umeuegemea. Nikasikia mashoka yakishushwa. Nikasikia hodi. Mwanaidi akajibu, "Hakuna karibu! Pana mtu wa eda!" Nyapara akauliza, wapi? "Hapa hapa, chini ya mti!" Kisha nikamsikia Bwana Barabara akimwamuru avunje. Na jibu la Hamisi nitalikumbuka mpaka siku nitakayokufuata. "Bwana, vunja wewe. Mimi nina mama." Akaketi kwenye ngazi ya lori, na watu wake wakaketi pamoja naye, wa bara kwa wa pwani.

Kijana yule si mjinga. Alikwenda kwa Maalim, akijua kwamba Maalim hapendi mambo ya miti, akamwomba aseme ua ule ni hila. Nimehadithiwa na kaka yangu aliyekuwapo. Maalim akavuta ndevu, akasema, "Nimekwisha jibu. Ua ni katika nyumba. Mwanamke wa eda haingiliwi, si na mkata miti wala na gavana." Kisha akaongeza, "Na lile vugo bado sijalikubali." Mungu amweke. Mtu mgumu akiwa mgumu kwa kila mtu, basi hiyo ni haki.

Bwana Barabara akarudi mpaka kwenye makuti, akasema kwa upole ule ule, "Sawa, mama. Eda ina mwisho. Tutangoja utoke."

Wakangoja. Walianza kazi upande wa feri wakaja polepole wakituelekea. Nami nikakaa na huu mti. Sikuwa na mahali pengine. Nimejua kila sauti yake, wakati gani popo huondoka, tawi lipi hulia upepo ukigeuka, wapi sisimizi hupita. Nilikulilia hapo mpaka gome likanijua. Dada yako akija ananikuta nimelala usingizi chini yake, anashusha leso yake ananifunika. Nikawaza jinsi nilivyofagia chini ya mti huu miaka yote bila kukaa hata siku moja nikatazama juu. Bado wachafua nguo, lakini. Nguo zangu za eda zina madoa kama za mwuaji.

Kuna siku nilikukasirikia, Baba Zuhura. Nikuambie kweli. Nilisema, amekufa akaniachia miti ya watu wote wa bara na pwani, na mimi ni mwanamke wa ndani, feri yenyewe nimevuka kwa harusi na maziko tu. Watu wa miti walikuwa wakija kunisalimu nje ya makuti, wakisema kamba zao zabana, nani atawalegezea, nani atawaandikia mipya. Ninawajibu kwa ndani, subirini. Naliwajibu kwa hasira. Na kila wakiondoka, hasira inakuwa yangu zaidi kuliko yako.

Eda ikaisha. Wanawake wakaniosha, wakanifukiza udi, wakanivika leso mpya, wakanipa kioo. Nimekonda, mume wangu, hungenipenda. Mkesha wake nilikuwa nimempelekea Mutiso neno, naye amelipeleka kwa baiskeli kila palipo na kibao: anayeupenda mti aje kwangu mapema, aingie kwa mlango wa nyumba, aketi uani, asipige kelele. Sasa si nyumba ya eda tena, wanaume pia waje.

Jua halijakaa sawa lori likasimama. Nikasikia Bwana Barabara akipiga hodi, tena amevaa viatu vipya, vyalia. "Mama, pole tena. Eda imekwisha. Waamuru wanawake waondoe ua."

Nikafungua mlango wa mbele. Nikatoka. Mara ya kwanza kukanyaga barabara tangu jeneza lako lipite hapo. Nikasimama mbele yake, mimi niliyekuwa nikisema na wanaume kwa nyuma ya pazia, nikamtazama usoni nikamwambia, "Haya. Ua nautoa mwenyewe, sina haja nao." Nikaenda kwenye makuti, nikashika kamba ya kwanza, nikafungua. Hakuna aliyenisaidia, niliwakataza. Kuti likaanguka, na la pili, na la tatu.

Na nyuma ya makuti wamejaa. Bi Mwanajuma ameketi mkekani na tasbihi, kavuka daraja na feri akiwa na umri ule. Mutiso na wenzake wamekosa zamu. Kinyozi wa Magongo kaja na kiti chake kabisa, amnyoa mtu. Watoto juu ya matawi, wanawake shinani bega kwa bega mpaka gome halionekani. Na pembeni, juu ya kiti kilichotolewa msikitini, Maalim, uso umekunjwa, msahafu mapajani, anasoma kimya kimya kama anavyotaka. Hakuna aliyesema neno. Walimtazama tu yule kijana. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami siku ile niliusikia.

Hamisi nyapara aliweka shoka ndani ya lori, akavua kofia, akapita mbele ya bwana wake akatafuta nafasi mkekani akaketi. Watu wake wakamfuata. Bwana Barabara akabaki peke yake njiani na viatu vyake. Ni kijana, ana mamake mahali. Akaniuliza taratibu, "Mama, niandike nini?" Nikamwambia, "Andika upendavyo. Wewe ndiwe uliyesoma."

Ameandika kwamba udongo wa upande wetu ni laini, hauwezi lami. Na aandike hivyo. Vigingi vimehama upande wa pili, na barabara ya Uhuru itapinda kidogo ikifika Bofu. Magari ya wakubwa yatapunguza mwendo, na wakiuliza kwa nini, kuna watu wengi hapa wa kuwajibu.

Watu waniambia nimeshinda. Vugo limepigwa mpaka Maalim akaondoka. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango nikalia, kwa kuwa wewe ndiwe niliyetaka kukuhadithia, na kitanda kilikuwa kitupu. Nakupenda, Baba Zuhura. Sikuwa nikilisema neno hilo, hatukulelewa hivyo, na hukunidai. Sasa nimelisema, na mashahidi sina, ila naona masharti yako huko hayana nguvu tena.

Sasa habari ya mwisho, kisha nikuache. Bi Mwanajuma alipokuwa akiaga alininong'oneza kwamba kwao Mishomoroni wameonekana watu wa kamba na vigingi, na upande ule kuna miti mingi ya wenyewe waoga, haijaandikwa. Kesho alfajiri navuka feri, na Zuhura, na Mutiso atatungoja ng'ambo. Brashi zako nimeziloweka katika mafuta ya taa, zimelainika. Dada yako amesema mjane wa mtu hazunguki Kisauni na makopo ya rangi, kisha nimemkuta anafunga chapati za njiani kwenye kitambaa, nne, na sisi ni wawili. Nadhani amejihesabu na yeye na Mutiso.

Mungu akulaze pema, akupe nafasi na nuru. Kila Alhamisi nitakusomea. Kila masika nitalegeza kamba zako zote, nami nitajifunza kuandika herufi zisizolewa, nakuahidi. Wala usinihurumie kwamba nimeachwa peke yangu na mambo makubwa. Yule kijana alisimama nje ya makuti miezi yote ile akidhani eda yanilinda mimi. Eda ilikuwa ikimlinda yeye. Waliningoja nitoke. Nimetoka, mume wangu, na sirudi ndani.

Mkeo,
Mama Zuhura